Asante, Tumepokea Ombi Lako

Juzi nilikaa kwenye kochi langu hapa Levolosi, Arusha, nikajaza fomu kwenye simu. Visanduku kumi na kimoja, nilivihesabu. Nikabonyeza kitufe, kikazunguka kwa madaha, halafu ikatokea sentensi moja: "Kuna kitu hakiko sawa." Basi. Kitu gani? Siri. Kiko wapi? Tafuta mwenyewe, bibi, si umestaafu, una haraka ya nini? Nilipotazama tena, visanduku vyote kumi na kimoja vilikuwa vimerudi vitupu, vyeupe, kana kwamba sijawahi kuzaliwa.

Ninyi vijana mnaoandika programu siku hizi, najua mmeshaniamkia shikamoo kimoyomoyo, nami nimeshaitikia marahaba. Sasa tusemane.

Nimekula mshahara wa kukataa fomu kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Wenzangu wakistaafu hujisifu: huyu alijenga barabara, yule alifundisha wauguzi. Mimi nilikataa fomu. Nilianza kwa mdomo, dirishani, kwenye kampuni moja ya mbegu kule Themi. Nikahamia kwenye kompyuta ya kioo cheusi na herufi za kijani. Nikamalizia kwenye tovuti, nikikataa maombi ya watu na maombi ya mashine kwa mkupuo mmoja. Katika kukataa kwangu kote kuna mara moja nilikataa vibaya, na kosa hilo likaliweka hatarini shamba la mjane mmoja wa Nduruma. Hiyo ndiyo habari ninayotaka kuwapa, ila mtanivumilia kidogo, maana bila Mzee Rajabu hamtanielewa.

Mzee Rajabu alikuwa mtu wa Kondoa, karani mkuu wa dirisha, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani na kalamu nyekundu sikioni. Alinipokea nikiwa msichana niliyetoka Machame na cheti kipya na kichwa kigumu. Kabla ya hapo, mbegu nchini zilitoka mahali pamoja, na fomu ilikuwa moja, na ukikosewa ulijua wa kumlaumu. Soko lilipofunguliwa, kampuni za mbegu zikaota Arusha nzima, na kila kampuni ikaja na fomu yake, ndefu kuliko ya jirani, kwa sababu urefu wa fomu ndio ulikuwa ushahidi kwamba tumeendelea.

Sisi makarani wadogo tulikuwa na mtindo wetu. Mkulima ametoka Nduruma alfajiri, anafika saa nne, anakukabidhi fomu. Unaisoma mpaka ukutane na kosa la kwanza. Hapo unasimama, unamrudishia: "Hujajaza kata. Rekebisha, uje kesho." Kesho anakuja na kata. Unaendelea mpaka kosa la pili: "Aina ya mbegu haisomeki. Rekebisha, uje kesho." Keshokutwa anakuja, unamwonyesha la tatu. Tulijiona wachapakazi kwelikweli. Mteja mmoja tulimhudumia siku tatu mfululizo, wapi mtapata huduma kama hiyo?

Mzee Rajabu hakuwa hivyo. Alisoma fomu yote, juu mpaka chini, bila kusema neno. Kila penye kosa alizungushia duara dogo, na pembeni ya duara, si kichwani mwa ukurasa wala nyuma yake, akaandika jambo la kufanya: "Andika kata unayolima, si unayolala." "Kilo ngapi? Andika tarakimu." Palipokuwa sahihi hakupagusa. Na kamwe hakumpa mtu fomu mpya aanze upya.

Siku moja nilimwuliza, "Mzee, mbona unajichosha? Kosa moja si linatosha kumrudisha mtu?"

Akanitazama kwa juu ya miwani. "Ndeshi, leo umekuja kazini na nini?"

"Nimepanda gari, Mzee."

"Huyu bwana kaja kwa miguu. Kama ana makosa matatu, mpe yote matatu aende nayo safari moja."

Kumbukeni hilo, enyi mnaomwambia mtu kosa moja, akilirekebisha mnamfunulia la pili kama mnachezesha bahati nasibu.

Sasa, Mzee Rajabu huyohuyo, mpole kiasi kile, alibadilika kila siku saa tano asubuhi alipoingia kwenye chumba cha redio kol, ile simu ya upepo. Tulikuwa na maghala Babati na Karatu, na oda za huko zilisomwa redioni. Nilikuwa nikisikia kwa nje: "Babati, imekataa. Namba nne, namba saba. Rudia. Ova." Shikamoo hakuna. Habari za nyumbani hakuna. Na karani wa Babati alikuwa mkubwa kwake kwa umri! Mimi, mtoto niliyelelewa kwa adabu ya Kilutheri, niliona aibu kwa niaba yake, nikamwambia.

Hakukasirika. "Yule hanioni," alisema. "Na redio inakatika. Nikianza na salamu na asante, atasikia asante halafu mvumo, ataandika imepokelewa, atazima, ataenda kunywa chai. Wa dirishani mpe maneno. Wa redioni mpe namba kwanza."

Nilicheka. Nilidhani ni uzee.

Kisha ikaja kompyuta, na nyuma yake akaja mtaalamu kutoka Dar, na tai shingoni kwenye vumbi la Themi. Programu yake ilikuwa na maneno mawili tu ya kumwambia binadamu, yote ya Kiingereza, na maana yake ilikuwa moja: umekosea. Kosa likitokea, kompyuta ilipiga mlio mkali ofisi nzima ikageuka, ili aibu iwe ya pamoja. Lakini kilichonibaki moyoni ni kanuni yake ya sanduku la posta. Mtaalamu alikuwa amesoma kwamba kila mteja lazima atambulike kwa kitu ambacho mwenzake hana, akachagua namba ya sanduku la posta. Wazo zuri sana, kwa nchi nyingine. Huku kwetu usharika mzima una sanduku moja, la kanisa, na barua za watu zinatangazwa Jumapili baada ya matangazo ya ndoa. Mkulima wa kwanza kuandikishwa alipita. Wa pili akakataliwa, wa tatu akakataliwa. Kwa mujibu wa kompyuta, usharika mzima ulikuwa na mkulima mmoja, naye ni mwinjilisti.

Tulifanya nini? Tulifanya mnachofanya hata leo mkibanwa na fomu ya kijinga: tulidanganya. Tuliongeza sifuri mwishoni, tukaongeza moja, tukaongeza tarehe ya kuzaliwa ya karani. Ndani ya miezi michache Arusha ikawa na masanduku ya posta mengi kuliko barua. Mtaalamu akaandika kwenye ripoti yake kwamba kumbukumbu sasa ni safi, akarudi Dar kwa ushindi. Nami nikaachiwa programu yake niilee.

Niliilea. Nilijifunza kwa vitabu vya kunakili na kozi za jioni mjini, nikamwuliza kila aliyejua kidogo kunizidi, na wengi wao walijua kidogo tu kunizidi. Mtandao ulipofika, wa kupiga simu na kusikiliza modemu ikilia mithili ya mbuzi, Meneja akataka tovuti kwa sababu kampuni ya jirani ilikuwa nayo. Kazi ikawa yangu. Mzee Rajabu alikuwa ameshastaafu na kurudi Kondoa, lakini fomu ile ya tovuti niliijenga kwa kalamu yake nyekundu. Makosa yote yalitoka pamoja, kila moja pembeni ya kisanduku chake, kwa Kiswahili cha mtu na mtu. Alichoandika mteja kilibaki palepale. Kanuni ya sanduku la posta niliizika bila sala.

Na juu kabisa ya ukurasa wa makosa niliweka sentensi niliyoipenda kama mtoto: "Asante, tumepokea ombi lako. Tafadhali rekebisha yafuatayo." Sisi hatuwezi kumkatalia mtu usoni bila kumshukuru kwanza. Hata mposaji anakataliwa baada ya kunywa chai. Watu waliisifu sentensi ile. Meneja aliisifu mbele ya wageni. Nilitembea nayo mjini kama mwenye gauni jipya.

Hapo ndipo akaja Elinami.

Elinami alikuwa wakala wetu wa pembejeo, duka lake halikuwa mbali na ninapokaa sasa. Mchaga mwenzangu, mchangamfu, mwenye kupenda kila kitu kinachowaka taa. Alinunua kompyuta yenye programu ya dukani iliyoweza kutuma oda za wakulima moja kwa moja kwenye kompyuta yetu kwa laini ya simu, bila mtu yeyote kufungua ukurasa. Ninyi leo mna jina lake, API, mnalitamka kama jina la ubatizo. Sisi tuliuita mlango wa mashine. Ikabidi niutengeneze. Nikaufanya upite kwenye ukaguzi uleule wa fomu ya tovuti, na hapo nilikuwa sahihi, hata leo nasema: kanuni ziwe mahali pamoja, lililo kosa mlangoni lisiwe halali dirishani. Nilijaribu kwa oda moja isiyo na kosa. Ikapita. Nikaenda kunywa chai.

Sasa sikilizeni kwa makini, kwa sababu ninyi ndio mnaojifanya mnalijua hili. Kompyuta ikiijibu nyingine, hutanguliza namba. Mia mbili ni "mambo safi." Zile za mia nne ni "wewe uliyetuma umekosea." Mtu haoni namba hiyo, anasoma maneno. Mashine haisomi maneno, inatazama namba. Na ule ukurasa wangu mzuri wa makosa, pamoja na maandishi yake mekundu, ulikuwa unatanguliwa na mia mbili. Mtu aliyekuwa mbele ya kioo alisoma akajua amekataliwa. Mashine ya Elinami ilitazama mia mbili, ikafurahi, ikachapa risiti yenye neno moja kubwa: IMEPOKELEWA.

Ilikuwa wiki ambayo mlima Meru hauonekani kwa mawingu na kila mtu anazungumzia masika. Akaingia mama mmoja wa makamo, viatu mkononi kwa sababu ya tope, kanga imefungwa vizuri, risiti ameikunja ndani ya kitambaa. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi.

"Nimefuata mbegu zangu, mdogo wangu," alisema. "Mahindi na maharage. Tuliambiwa ni wiki hii."

Nikatafuta kwenye kompyuta. Hakuna. Nikatafuta tena, hakuna. Nikamwambia, kwa sauti ile ya mtaalamu wa Dar ambayo nilidhani sina, "Mama, una hakika oda ilitumwa? Hii mashine haikosei."

"Mimi sijui mashine," akasema, akaikunjua risiti akailaza mezani. "Hii najua kuisoma."

IMEPOKELEWA. Tarehe ya majuma matano nyuma.

Jina lake, kwa kila aliyemjua, lilikuwa Mama Anaeli. Alinieleza mambo yake taratibu, bila kulia. Mumewe alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Aliacha heka tatu Nduruma, chini kule penye mfereji, na shemeji yake aliyatolea macho mashamba yale hata kabla ya arobaini. Wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua kwa hekima yao: mjane apewe msimu mmoja. Akilima mwenyewe, shamba libaki kwake na watoto. Mvua za mwanzo zikipita ardhi iko tupu, shemeji achukue. Mbegu zake za ndani zilikuwa zimeliwa na dumuzi, zimebaki unga. Ndiyo maana alikwenda mapema kwa Elinami, ndiyo maana aliitunza ile risiti ndani ya kitambaa.

Nikafungua daftari la kompyuta, lile ambamo mashine huandika kila kilichoingia na kilichotoka. Nikamkuta. Jina: Mama Anaeli. Kosa: yanahitajika majina matatu. Na juu ya kosa, sentensi yangu ile, ile ya gauni jipya: Asante, tumepokea ombi lako.

Si yeye peke yake. Alikuwapo Mama Joshua. Alikuwapo Baba Neema. Alikuwapo mmoja ameandikwa Mchungaji tu, kamili. Wote wameshukuriwa, wote wamekataliwa, wote wana risiti nyumbani wanasubiri.

Nilimpigia Elinami simu nikifoka. Naye akafoka.

"Aisee dada Ndeshi, sasa ningemwandikaje? Mama wa watu kaja dukani amejistahi, mimi nimwulize mbele za watu, wewe hasa unaitwa nani? Nimwite jina la utotoni kama mtoto wa shule? Kwetu unaweza?"

Nisingeweza. Mimi mwenyewe nisingeweza, na ndimi niliyeandika kanuni.

Meneja alinisikiliza amesimama, akitazama nje. "Sema ni mtandao," akasema.

"Bosi, mtandao ulikuwa mzima."

"Ndeshi, mtandao hauna mjomba. Usingizie huo, hakuna atakayekuja kulalamika."

Hapo ndipo nilipojua kwa nini mtandao unalaumiwa kila mahali: ulikuwa mgeni mjini na hakuna ndugu wa kuutetea. Nawashauri vijana msijaribu kuwa jasiri kwa ajili ya sifa, kwa sababu hakuna sifa. Nilirudi kwenye meza yangu nikamwambia Mama Anaeli ukweli. Nikamwambia kwamba oda yake ilikataliwa siku ileile ya kwanza, kwa sababu ya majina, na kwamba ni mimi niliyeiandikia mashine ijibu hivyo.

Aliikunja risiti yake ndani ya kitambaa. Kisha akasema, "Mngenikataa, mdogo wangu. Mngenikataa siku ile. Kukataliwa nakujua, ningehangaika kwingine. Ninyi mmeniambia mmepokea, nikakaa nyumbani."

Tangu siku ile nimesikia mengi ya kuumiza kazini, lakini hilo sijalisahau.

Ghala letu la Themi lilikuwa limeshagawa mbegu zote. Madukani mjini zilizobaki ni zile zilizopakwa rangi, punje za chakula zilizovalishwa nguo za mbegu, biashara huria kwa ukamilifu wake. Babati kulikuwa na magunia. Nikaomba yaletwe. Meneja akakubali, kwa sharti kwamba mteja ajaze fomu upya, kwa utaratibu. Mama Anaeli akajaza: Ruth Elirehema Mbise. Jina zuri, na sidhani kuna mtu Nduruma aliyelitamka tangu abatizwe. Kibali kikasubiri saini, saini ikasubiri kikao, kikao kikasubiri chai. Mvua ikanyesha siku ya pili. Siku ya sita magunia yakafika, nikapanda mbele kwenye pikapu mwenyewe nikayapeleka.

Tulipofika, shemeji alikuwa shambani na ng'ombe wawili na plau. Alikuwa ameshafika katikati. Mama Anaeli alisimama pembeni mwa mfereji na jembe lake la mkono, amelima kipande cha upande wa juu, kipande kidogo, safi, kilichosubiri mbegu. Wazee wanne walikuwa wamekaa kwenye magogo chini ya ukingo wa paa la banda, wanajikinga na manyunyu.

Niliwaamkia mmoja mmoja. Nikaanza kuwaeleza wazee wa ukoo habari za kompyuta mbili. Vijana, kama kuna mtu anataka kupima kama anaelewa kazi yake, aende akaieleze kwa wazee wa Kimeru, mvua inanyesha, na ng'ombe wanapita na plau nyuma yake. Nilisema namba, nikasema mia mbili, nikasema ukurasa. Mkubwa wao, mzee mwenye koti refu, alinyanyua mkono.

"Mama, ngoja. Hiyo kompyuta yako ilisema imepokea?"

"Ndiyo, mzee."

"Na kumbe imekataa."

"Ndiyo."

"Nani aliifundisha uongo?"

"Ni mimi, mzee."

Walitazamana. Wakazungumza Kimeru kwa muda. Mmoja, namshukuru mpaka leo, alinionea huruma, nikaona anamtetea Mama Anaeli. Shemeji hakusimamisha hata ng'ombe. Mwishowe mzee mkubwa akasema hawakatai kwamba mama amedhulumiwa na watu wa mjini, ila neno la ukoo lilikuwa juu ya ardhi na mvua, halikuwa juu ya risiti. Mvua imepita, ardhi ilikuwa tupu, shamba ni la shemeji. Kile kipande alicholima kwa mkono alipewa apande mboga.

Nikasema mbegu zimeshafika, nimekuja nazo. Nikaonyesha pikapu kwa kidole, kana kwamba hawaioni.

"Tumeziona," mzee akasema. "Karibu chai."

Nilirudi ofisini nikarekebisha kosa. Mnajua ilinichukua muda gani? Muda wa kuchemsha yai. Ukaguzi nikauacha mahali pamoja. Jibu nikaligawa mara mbili. Aliyegonga akiwa mtu kwenye ukurasa, anarudishiwa ukurasa wake, maneno yake yamo, makosa yote yameonyeshwa kila moja pembeni ya kisanduku. Iliyogonga ikiwa mashine, inapewa kwanza namba ya mia nne, kavu, halafu orodha: kisanduku gani, kosa gani, bila asante wala tafadhali. Nikampigia Elinami, tukakaa siku nzima tukituma oda mbovu kwa makusudi, jina tupu, kilo hasi, kata isiyokuwepo, mpaka mashine yake ikajifunza kuchapa HAIJAPOKELEWA na sababu yake. Na ile kanuni ya majina matatu nikailegeza: jina linalojulikana linatosha, mengine yataulizwa baadaye na mtu mwenye adabu. Wale wengine waliokuwa kwenye daftari tuliwafuata mmoja mmoja kwa pikipiki, Baba Neema akapata, Mama Joshua akapata, Mchungaji akanipa baraka nisizostahili.

Meneja alinipongeza kwa kuboresha mfumo. Kwenye ripoti aliandika kwamba tatizo lilikuwa la mtandao.

Najua mtasema, shangazi, siku hizi mambo hayo yanakuja tayari, mtu anaongeza mstari mmoja, programu yenyewe inajua nani mtu na nani mashine. Hongereni. Nimeziona hizo tayari zenu. Nimeona mashine ikirudishiwa ukurasa mzima wenye picha na matangazo, na mtu wa kawaida akirudishiwa mabano na alama za nukta kama kuku aliyepita kwenye wino. Nimeona mnajaribu njia ya mtu asiyekosea, ikipita mnapiga makofi. Hakuna mtu asiyekosea. Jaribuni yule anayekosea, ndiye mteja wenu. Na mkikataa, kataeni mpaka aliyekataliwa ajue, siku ileile, wakati bado ana pa kukimbilia. Mimi sikumkatalia Mama Anaeli shamba. Nilimkatalia wakati.

Msimu uliofuata, kabla ya masika, nilikuwa nimekaa dirishani kumshikia karani zamu. Akaja. Nilimtambua Mama Anaeli kabla hajafika, nikasimama, nikamwamkia. Alikuwa amekonda. Akaitikia vizuri tu, kwa upole wake uleule.

"Nimetumwa," alisema.

Akanitajia jina la shemeji yake, yote matatu, polepole ili nisikosee. Kata, Nduruma. Aina ya mbegu, ileile aliyokuwa ameiomba yeye. Kilo za heka tatu. Alikuwa anamlimia sasa kwa kibarua, kwenye shamba lile. Nilijaza huku nimeinamisha uso. Hakuna kisanduku hata kimoja kilichokataa.

"Imekubali?" akauliza.

"Imekubali, mama."

Nikamchapishia risiti. Hakuipokea. Alitazama kwenye meza, akachukua kalamu yangu, akanipa mkononi.

"Niandikie wewe, kwa mkono wako," alisema. "Na jina lako uweke. Mbegu zikichelewa safari hii, atanifukuza hata kwenye kibarua."

Nikaandika, nikaweka jina langu.